Mwenye Mashine

Watu wakisikia fundi wa Tanga anayeishi Joburg ana mashine ya kusukuma theluji, wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Theluji gani, Mselem, hapa Bellevue? Hapa haipo, na mimi sijasema ipo. Iko Lesotho, juu milimani, kwenye hoteli moja ya watu wanaolipa kwenda kuanguka kwenye barafu kwa hiari yao. Nilipelekwa kule kutengeneza jenereta, enzi hizo kibali changu bado kizima, nikaikuta nyuma ya jiko: pikipiki kuukuu ya magurudumu manne, mbele imefungwa bamba pana la chuma la kusukumia theluji, panya wamezalia ndani ya kiti. Meneja akaniambia, ukiifufua ni yako, ila kila msimu wa baridi uje utufungulie barabara. Tukapeana mkono.

Nikaileta kwa trela. Nyumba yetu ni ya zamani, imekatwakatwa vyumba, ua ni wa wote, na pale uani ndipo nilipoifungua mpaka skrubu ya mwisho. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania kwenye silinda. Niliilowesha mafuta, nikaigonga kwa kipande cha mbao, nikaitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia, ikatoka. Kabureta niliisugua kwa mswaki wa mke wangu, Saida, akaninunia wiki nzima. Vipuri vyake havitengenezwi tena, kwa hiyo nilizunguka kwa wauza vyuma chakavu wote wa mjini, na kilichokosekana nilikichonga mwenyewe. Saida alikuwa akiniletea chai pale chini, ananitania, "Mke mwenzangu ameamkaje leo?"

Siku iliyowaka nililia, na sioni aibu kusema. Tangu hapo msimu wa baridi wa kule ndio uliotulisha mimi na Saida na binti yetu Mwanaasha. Kazi nyingine zangu ni za kubangaiza tu.

Tatizo likawa karatasi. Kibali changu kiliisha, na kila nikienda kukihuisha naambiwa nirudi wiki ijayo. Mpakani nisingepita. Sasa, wageni wa mji huu wote tunajua dawa yake: unamtafuta mwenye karatasi, mali inakuwa kwa jina lake, wewe unakaa kimya. Namjua mtu duka lake liko kwa jina la shemeji yake, na mwingine gari lake liko kwa jina la mchungaji. Mimi nilimpata Hénock.

Hénock alikuwa jirani yangu wa chumba cha pili, Mkongo wa Bukavu, mlinzi, karatasi zake zote safi, Kiingereza kinamtoka puani. Tukakubaliana: mimi natengeneza, yeye anavuka mpaka na kusukuma theluji, kinachopatikana tunagawana nusu kwa nusu. Hakunidhulumu hata mara moja, hilo nasema mbele ya Mungu. Ila alipenda sifa, jamani! Alipiga picha amekaa juu ya mashine yangu, miwani ya jua usoni, theluji mpaka magotini, akawatumia Wakongo wote wa Yeoville. "Mashine yangu," alikuwa akisema hata mbele yangu, kisha ananikonyeza. Na mimi nacheka. Mjinga mimi, nacheka!

Mwezi wa nne alianguka kazini. Moyo. Gari la wagonjwa lilimkuta ameshakata roho.

Matanga yakakaa uani kwetu. Mabenchi yakaletwa, akina mama wa kanisa lao wakaimba, mashine yangu imefunikwa turubai pale kwenye kona. Siku ya pili mdogo wake marehemu akasimama. Anaitwa Ezéchiel, anauza makava ya simu mjini, na sijawahi kumwona ameshika hata spana. Akasema wanataka Hénock akazikwe Bukavu kwa mama yake, na safari ya maiti ni ghali. Kisha akanyoosha kidole kwenye turubai.

"Lakini kaka ametuachia mashine. Tutaiuza, imupeleke nyumbani."

Watu wakasema amina. Ala! Damu ikanipanda kichwani. Saida alikuwa upande wa wanawake, akanitazama kwa macho ya kusema, simama wewe mwanamume. Nisimame niseme nini? Mbele ya watu wanaolia, mimi nianze kudai kwamba marehemu alikuwa dereva wangu? Nikaona afadhali niende kwa mjane wake. Léocadie anajua kila kitu, atawaambia mwenyewe, na neno la mjane hakuna wa kulipinga.

Nilimkuta chumbani, amekaa kwenye godoro chini, miguu ameinyoosha. Nikampa pole tena. Nikamwambia, "Mama Chloé, wanataka kuuza mashine. Unajua ni ya nani."

"Minajua ni yako, papa Mwanaasha," akasema, wala hakunung'unika. "Minajua tangu zamani. Nani alikuwa anakupikia ugali siku ulikuwa unaifungua pale inje? Lakini batoto banajua ni ya baba yao. Shuleni banaonyesha picha. Unataka niwaambie leo, baba yao iko kwenye sanduku, kama mashine haikukuwa yake?"

Nikaketi kwenye kizingiti cha mlango.

"Wewe uko muzima," akasema. "Utatengeneza ingine."

Utatengeneza ingine! Kama vile natengeneza chapati. Nilitaka kumfokea, lakini unamfokeaje mwanamke aliyeketi hivyo? Nikafikiria na yule mama wa Bukavu anayemsubiri mwanawe. Nikatoka nje, nikavua turubai kwa mikono yangu, nikaifuta vumbi, nikamkabidhi Ezéchiel funguo. Watoto wa Hénock wakaja kunishika mkono. Chloé, yule mkubwa, akanishukuru kwa Kiingereza kwa kumtunzia baba yake mashine. Saida hakunisemesha mpaka kesho yake, na alipofungua mdomo alisema neno moja tu, "Bwege."

Na sasa sikilizeni. Jumamosi ile Hénock akazikwa hapa hapa Joburg. Eti ndege, eti vibali, eti maiti haiwezi kungoja. Nilishika koleo na mimi, nikamfukia rafiki yangu kwenye udongo mwekundu, mama yake yuko kwenye simu analia. Nikamuuliza Ezéchiel, mashine je? Akasema hawajapata mnunuzi. Hawajapata! Baada ya siku chache Léocadie na watoto wakahamia kwake mjini, na mwezi wa sita nikasikia kwa watu kwamba Ezéchiel yuko Lesotho, amekaa juu ya mashine, amevaa koti la kaka yake. Yule meneja tuliyepeana mkono alishaondoka, na hoteli wamempokea vizuri kabisa, si ndugu wa mwenye mashine?

Ningekwenda kwa nani nikashtaki? Kwa karatasi ipi? Baridi ile nilikuwa nabeba mizigo Mayfair kwenye maduka ya Wasomali, mgongo unaniuma kama umepigwa nyundo, na kila nikiona mawingu ya kusini nasema leo theluji inaanguka kule, leo anakula jasho langu. Nilimchukia. Nilimchukia na marehemu pia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, nimekaa na chai, simu ikalia. Léocadie.

"Papa Mwanaasha, theluji imeanguka mingi. Ezéchiel iko kule tangu alfajiri, mashine inakataa kuwaka. Banasema kama barabara haifunguke leo, banaita muntu mwingine kwa kazi. Yeye iko na haya kukupigia. Sisi hatuna kingine. Uniambie tu afanye nini."

"Inalia vipi?" nikamuuliza.

"Anasema inazunguka muzuri, inakohoa, inazima."

Nikajua palepale.

"Mama Chloé," nikasema, "mashine ni ya nani?"

Nyuma yake nikamsikia Chloé akiuliza kwa Kiingereza kama mashine ya baba imeshawaka.

"Nakuuliza, shemeji. Ni ya nani?"

"Ya Hénock," akasema.

"Basi kamuulize Hénock."

Nikakata simu. Nikaweka kikombe chini.

Ilikuwa kabureta tu. Baridi ikizidi, maji kidogo yanaganda mle ndani. Unaimwagia kwa nje kikombe kimoja cha maji ya moto, unangoja kidogo, inawaka. Na pale hotelini majiko yanachemka tangu alfajiri.

Saida akatoa kichwa mlangoni, akaniuliza ni nani aliyepiga asubuhi yote hiyo.

"Wamekosea namba," nikamwambia.