Siku Tatu Hadi Silani

Kanze, mama yake Mbeyu, alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za marubani kule Kipevu, ndege za vita zilikokuwa zikitua majini. Mumewe, Lewa, alikuwa askari Burma. Mwaka wa arubaini na tano tarishi wa bomani alifika kwao Changamwe na kusema kwamba Lewa amejeruhiwa, yumo hospitalini katika kisiwa cha Silani.

Kesho yake Kanze alimwendea Elkana, mtu wa bara aliyekuwa akipakia mizigo ndegeni.

"Silani ni mbali?"

"Maili kama elfu tatu, Mama Mbeyu. Ndege huondoka hapa alfajiri, jioni iko Shelisheli. Wanalala. Kesho yake wanalala kisiwa kingine. Siku ya tatu wamefika."

"Siku tatu tu?"

"Kwa ndege. Kwa meli usiulize."

Kanze akamsihi amwombe rubani mmoja, mzungu mpole ambaye Kanze alimfulia mashati, amuulizie Lewa huko hospitalini. Yule rubani akakubali. Kanze akampa na korosho alizozikaanga mwenyewe, ampelekee mgonjwa.

Juma lililofuata ndege ilirudi. Elkana alimjia Kanze penye kamba za nguo, mkononi ana kile kifurushi cha korosho, hakijafunguliwa.

"Pole, Mama Mbeyu. Walimzika kitambo. Rubani ameonyeshwa kaburi. Ile habari ya jeraha ililetwa na meli, na meli ilikuwa bado njiani alipokufa."

Kanze alingoja uchungu umpande. Haukupanda. Alihisi kama mguu uliokufa ganzi, isipokuwa ganzi yenyewe ilikuwa mwili mzima. Alipokea korosho, akasema ahsante, akarudi ndani kwenye pasi yake. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri. Akayapiga pasi mashati yote yaliyobaki, na la yule rubani akalipiga kola mara mbili.

Nyumbani alimkuta mavyaa wake Nyamvula, mamake Lewa, akichambua mchicha mlangoni. Alimwamkia, akaketi, akamwambia. Nyamvula hakupiga ukemi. Mikono yake iliendelea na majani.

"Kumbe siku zote nilizokuwa nikimwombea apone…"

"Alikwisha kufa, mama."

"Na huko ni mwendo gani?"

"Siku tatu kwa ndege."

"Siku tatu," alisema Nyamvula. "Mimi nilidhani ni mwisho wa dunia. Basi walishindwaje kutwambia?"

Ndipo yule mama mzee alipouangusha mchicha na kulia, na majirani wakaja mbio.

Matanga yakakaliwa, mwalimu wa kanisa akaomba. Wanawake walilia kwa zamu. Mwanatatu, jirani yao, alimshika Kanze bega akamwuliza kwa upole iwapo hajalia bado. Kanze akamjibu kwamba bado, akachukua debe akaenda kuteka maji ya wageni.