Taa Yangu ya Jikoni

Umewahi kumwona mtu akilamba kidole ili afungue ukurasa, kisha kwa mkono huohuo akakusalimia? Mimi yamenikuta. Mtu mwenyewe ni profesa, bosi wa mjukuu wangu.

Mjukuu wangu hupima umri wa nyota za mbali. Alinieleza taratibu: nyota kubwa za buluu huungua upesi zikafa mapema, nyekundu ndizo hudumu. Kwa hiyo kundi la nyota, wao huliita galaksi, likionekana jekundu tupu, husemwa limezeeka. Moja ilikuwa nyekundu kama tofali, na profesa alishaiandika kikongwe. Mjukuu wangu moyo ulikuwa unakataa, sababu haioni.

"Bibi, hata taa yako imezeeka," akaniambia siku moja akila jikoni. "Ona ilivyo nyekundu."

"Haijazeeka, imechafuka."

Nikaizima, ikapoa, nikapanda kigoda, nikaisugua moshi na mafuta kwa kitambaa cha sabuni. Nilipoiwasha, hata nyufa za ukuta zilionekana.

Kijiko kikamning'inia mkononi. "Vumbi! Bibi, ile galaksi ina vumbi!"

Akapiga hesabu upya wiki sita. Kumbe galaksi bado mbichi kabisa, vumbi tu limeificha buluu yake. Akampelekea profesa hesabu, na kisa cha taa akamsimulia.

Siku ya kuwasomea wenzao matokeo alinialika. Tulianzia ofisini kwa profesa. Kikombe kimeota ukungu wa kijani, wenye manyoya. Ganda la ndizi jeusi limegandia kwenye makaratasi. Nilikaa nusu kalio.

Ukumbini akasimama profesa, makombo ndevuni. Ukutani, juu ya matokeo, pameandikwa jina lake peke yake.

"Nilikuwa jikoni kwangu," akasema, "napangusa taa. Nikajiambia: haijazeeka, imechafuka!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikajiuliza: Kikombe kimemshinda, ataiweza taa?

"Sema, mama," nikamnong'oneza mjukuu wangu.

"Atanifukuza, Bibi."

"Haya, nyamaza. Mie nitatapika hapahapa kwenye zulia lao."

Kicheko kikamponyoka. Akasimama.

"Profesa, taa hiyo ni ya bibi yangu, huyu hapa. Na hesabu ni zangu. Nataka jina langu liandikwe hapo, tena liwe la kwanza."