Faili Mbili za Wambeti

Jumanne asubuhi Celina alipangusa vumbi kwenye kompyuta za chama cha wakulima wa kahawa, karibu na Runyenjes. Moja ilitoka kiwandani, nyingine ofisini, na ya tatu nyumbani kwa mwenyekiti Nyamu, mtaa wa Dallas mjini, ambako watoto walikuwa wameijaza katuni. Faili za wanachama zilirudiwarudiwa humo. Kazi yake ilikuwa kuzitafuta na kuziunganisha.

"Jina likifanana, huyo ni mtu mmoja," Nyamu alimwambia.

Celina alimkumbusha kwamba huku mtoto hupewa jina la guka au cucu, yaani babu au nyanya yake, na kwamba chama hakijawahi kumfuta marehemu.

"Kompyuta haijui cucu wa mtu," Nyamu alisema, akaenda kunywa chai.

Basi Celina aliomba kimoyomoyo, kama afanyavyo kabla ya kila kazi, akaunganisha faili mbili za Wambeti Ngari. Moja ilikuwa ya msichana aliyeleta kahawa juzi. Nyingine ilikuwa ya nyanya yake, aliyezikwa mwaka wa ukame.

Jioni Wambeti alifika kiwandani na debe lake, akitembelea mkongojo. Kwapani alibana simu, kiganjani alishika ugoro. Alipiga chafya, akaomba radhi kwa sauti ya kisichana, kisha akamuuliza Celina kwa sauti ya kikongwe kama bado hajaolewa. Celina alijibu kwamba bado anaomba. Karani wa mizani alipima kahawa akaandika jina moja.

Nyumbani, mama yake Wambeti alianza kumwamkia kwanza, maana sasa binti alikuwa pia mama mkwe.

Kikongwe ndani ya Wambeti alizunguka shamba akitafuta matoka, yale maua yaliyopandwa mpakani. Hayakuwepo. Uzio wa akina Nyamu ulikuwa umeingia ndani, ukameza mikahawa bora, wiki ileile alipokuwa akimzika mumewe Ngari. Kijiji kizima kilijua. Sehemu iliyobaki haikumtosha msichana hata kujenga.

Kwenye mkutano wa wanachama Wambeti alisimama akadai mpaka wake. Nyamu alisema kwa upole kwamba hakuna shahidi aliye hai.

Celina, aliyekuwa mezani na kompyuta akiandika kumbukumbu, alikumbuka kwamba kulikuwa na jina jingine lililorudiwa. Babu yake mwenyekiti pia aliitwa Nyamu. Na agizo lilikuwa kuunganisha. Akabonyeza.

Nyamu alikohoa. Upande mmoja wa masharubu yake ukawa mweupe, na mkono mmoja ukapapasa kichwani kutafuta kofia.

"Ni kweli," alisema kwa sauti ya kizee. "Matoka niliyang'oa kwa jembe langu. Ngari hakuwa hata amepoa kaburini."

Wanachama walitikisa vichwa. Mzee mmoja alimshukuru Mungu kwa ukweli.

"Basi rudisha mpaka, Nyamu," Wambeti alisema, kwa sauti zote mbili.

Nyamu alijifuta midomo kwa leso.

"Mdomo ulikuwa wa guka," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mkono wa kutia sahihi ni wangu."

Kisha akauliza kuhusu mbolea. Mkutano ulifungwa kwa maombi, na Celina akapongezwa kwa kuwa hakuna faili iliyorudiwa tena.

Uzio haujasogea. Jioni Wambeti hupalilia hadi hapo, na kikongwe hutema ugoro ng'ambo. Nusu ya mdomo wa Nyamu humwamkia kwa heshima na kumwomba msamaha. Nusu nyingine huwahimiza vibarua wachume haraka, maana kahawa imeiva.