Matenga ya Soko la Lukozi

Wanunuzi binafsi walipoanza kupandisha malori yao hadi Lukozi, Salma ndiye aliyekuwa akipeleka sokoni nyanya za mumewe, Kassimu. Alifunga matenga mwenyewe na kupatana bei na wafanyabiashara wa Dar es Salaam bila kutetereka. Kisha baridi yabisi ikamshika mikono. Vidole vikavimba, vikapinda, kamba ikawa haishikiki tena. Na nyumbani kwao, aliyefunga tenga ndiye aliyekwenda nalo, maana likifumuka njiani hasara ni yake.

Basi akaenda Rahma, mke mdogo.

Siku za soko Salma alibaki jikoni, akisikiliza Rahma akirudi na kumsimulia Kassimu nani amenunua na nani amekasirika, na Kassimu akicheka. Wali ukimponyoka mkononi, alijua ni kwa kusikiliza mno. Mara nyingine aliomba mvua inyeshe, barabara iteleze, gari lisipande. Kisha alijichukia, na soko lililofuata aliomba tena.

Mwaka huo nesi mmoja, Marta, alikuwa akiwahoji wagonjwa wa viungo kwenye hospitali ya misheni. Rahma alimsindikiza Salma, akaketi naye ndani. Marta alimwamkia Salma shikamoo, akamwaga maharage mezani. Alieleza kwamba kujua nini kimemshinda mgonjwa hakutoshi, alitaka kujua pia kushindwa huko kunamuuma moyoni kiasi gani. Kisichomuuma, asiweke kitu. Kinachomuuma sana, aweke maharage mengi.

Aliuliza kuhusu kulima. Salma alisema jembe limemshinda kabisa, akaweka harage moja. Kuteka maji, hakuweka kitu. Marta alishangaa, kwa kuwa wanawake wengi walilalamikia kuteka maji.

"Maji yanatekwa na yeyote," Salma alisema.

Alipoulizwa kuhusu kufunga mizigo, hakuhesabu. Alisukuma fungu lote kwa kiganja, mengine yakadondoka sakafuni.

"Kwa nini hili, mama?"

Salma hakumtazama Rahma. "Kwa sababu anayefunga ndiye anayekwenda. Mimi ninabaki nikisikiliza furaha ya mwenzangu."

Rahma aliinama kuokota maharage. Alikawia kuinuka.

Walitembea hadi karibu na nyumbani. Hapo Rahma alisimama. "Bi mkubwa, na mimi ninalipenda soko. Usidhani ninakwenda kwa kutumwa tu."

"Ninajua. Ndiyo maana nakuonea wivu."

Rahma alifikiri, kisha akasema atafunga yeye kila mara, lakini waende kwa zamu. Hakulisema kwa furaha, na Salma hakumshukuru. Kassimu aliposikia, alisema ni sawa, mradi nyanya zinafika.

Soko la kwanza la zamu yake Salma alishuka na matenga matatu, mikono ameifunika kwa kanga. Alipatana na mnunuzi aitwaye Hezekia hadi jasho likamtoka, akapata bei aliyoitaka. Alikuwa amesahau jinsi kifua kinavyopanuka ukipata bei.

Hezekia aliivuta kamba ya tenga la juu, haikulegea.

"Mama, umefunga vizuri."

Jina la Rahma lilimfikia mdomoni. Salma alilimeza, akaivuta kanga juu ya vidole vyake, akaitikia, "Ahsante."