Kiti cha Lavonia Dirishani

Mama yake alipofariki, Idella Tate hakulia. Alipiga pasi gauni lake jeusi, akakifuta vumbi kiti cha mama yake, kisha akapiga simu kwa mchungaji kuomba kaburi katika uwanja wa kanisa.

Kiti hicho kilijulikana na kila mshirika wa kanisa la Cedar Fork, huko Alabama. Lavonia alitengwa akiwa binti wa miaka ishirini, mimba ya Idella imeanza kuonekana. Aliyesimama kutoa hoja atolewe alikuwa Hosea Grimes, mtoto wa mchungaji wa wakati huo. Wazee walimuuliza Lavonia aliyempa mimba ni nani, naye akanyamaza. Nani angemsadiki binti wa mkulima mbele ya mtoto wa mchungaji? Jumapili iliyofuata alikuja na kiti chake cha mbao, akakiweka nje chini ya dirisha, akakaa. Alikaa hapo mvua na jua mpaka akafikisha miaka tisini na mmoja.

Sheria ya Cedar Fork ilikuwa ngumu kama msumari. Aliyetengwa hukaa nje, na akifa hazikwi pale, mpaka yule yule aliyetoa hoja asimame aiondoe, mkono juu ya Biblia. Na kabla hajaiondoa, mshirika yeyote anaweza kumuuliza swali moja, naye sharti ajibu. Lavonia angeweza kumwendea Hosea kumbembeleza. Hakwenda ng'o.

Wala si kwamba hawakumhitaji. Nusu ya washirika aliwapokea yeye kwa mikono yake walipozaliwa. Kanzu nyeupe za ubatizo alizishona yeye, za watoto wa Hosea zikiwemo, akazipitisha dirishani. Pai zake za viazi vitamu ziliingia kanisani kila sikukuu, mpishi akabaki nje. Hosea, ambaye sasa alikuwa shemasi mkuu, alikula vipande viwili bila haya. Na baridi ilipofika, shemasi huyo huyo aliamuru dirisha lifungwe, eti upepo unamuumiza kifua. Lavonia akajifunga shali, akasikiliza ibada kupitia kioo.

Idella alikulia ndani. Mama yake alimsukuma aende akakae mbele, kwani yeye hakutengwa na mtu. Huko mbele, Jumapili baada ya Jumapili, aliyatazama masikio ya Hosea, makubwa, yamejikunja juu, na nyumbani akayakuta kwenye kioo chake mwenyewe. Alipokuwa msichana mkubwa aliuliza, akaambiwa.

"Usimuulize njiani, ataruka kimanga," mama yake alimwonya. "Nikifa watataka kunizika kwa heshima. Muulize siku hiyo."

Siku hiyo ilikuwa ya Januari. Idella aliwahi kanisani, akalifungua lile dirisha kwa mkono wake, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Jeneza liliwekwa kizingitini, halijaruhusiwa kuingia. Shemasi Hosea, mzee wa miaka tisini na miwili, alijikongoja na fimbo yake hadi mbele, akaweka mkono juu ya Biblia, akatabasamu. Alisema dada huyu alianguka katika ujana wake, na kwamba yeye, Hosea, anamsamehe. Watu wakaitikia amina. Amsamehe! Yeye!

Mchungaji, kijana aliyehamia mwaka ule, aliuliza kwa kutimiza desturi tu kama kuna mwenye swali. Idella akasimama. Ozella, jirani yake, akamvuta sketi.

"Keti, mwenzangu. Kisasi ni cha Bwana."

"Najua," alisema Idella. "Leo ameniazima."

Alivua kofia yake, akazibana nywele nyuma ya masikio, akageuka polepole ili kila benchi limwone. Minong'ono ikapita kanisani.

"Shemasi, mkono wako uko juu ya Biblia. Baba yangu ni nani?"

Hosea alimtazama mchungaji, mchungaji akatazama sakafu. Hosea akalitazama jeneza.

"Mimi," alisema.

"Kwa sauti. Mama yuko mlangoni, na alizoea kusikia kupitia kioo."

"Ni mimi baba yako. Na ile hoja ninaiondoa."

Wakaliingiza jeneza, wakaliweka mbele kabisa. Hapo ndipo Idella alipolia, kwa sauti, kama mtoto. Kisha akajifuta. Hosea alikuwa anarudi kwenye benchi lake la ushemasi, na Idella akamzibia njia.

"Mwosha huoshwa, shemasi," alimwambia. Akawageukia watu. "Mshirika huyu amekiri alichotengewa mama yangu. Natoa hoja."

Ozella, yule yule wa kisasi ni cha Bwana, akanyanyuka.

"Naunga mkono. Kanzu yangu ya ubatizo alinishonea yeye."

Mikono ikapanda, benchi baada ya benchi.

"Mwanangu," Hosea alisema. Hakuwahi kumwita hivyo maishani.

"Umechelewa. Kiti kiko nje, nimekifuta vumbi."

Alitoka, fimbo ikigonga sakafu. Punde masikio yake yakaonekana nje, chini ya dirisha. Washirika walianza wimbo alioupenda Lavonia, na upepo wa Januari ukawa unaingia. Idella alikwenda dirishani, akamtazama baba yake kwa kitambo, akalifunga.