Malipo ya Pori

Mavuno ya mwaka wa arobaini na mbili yalipokwisha, vita vikiwa vimepamba moto, vigingi vyeupe vilianza kuonekana shambani. Kwanza vilipigwa bondeni kwenye matete. Wiki iliyofuata vikapanda mpaka kwenye mabua ya mtama ya majirani. Jumatatu moja Nanyama akafungua mlango, akakuta kimoja kimesimama hatua tatu kutoka kizingitini.

Alimwita mumewe. Wekoye, dereva wa trekta ya mzungu mwenye shamba hilo nje ya Kitale, alikitazama kigingi, kisha akaangalia pembeni.

"Kumbe ulijua," Nanyama alisema.

"Nilisikia tu. Serikali inataka mahindi ya vita. Mzungu akilima pori jipya, analipwa kwa kila ekari."

"Sasa hapa ni pori? Miaka tisa tunalima hapa, baba Nakhungu!"

"Bwana ameandika ni pori. Mimi nitasema nini?"

Jumatano, Nanyama akiwa mtoni na mwanawe Nakhungu, aliona moshi. Alipofika mbio, nyapara alikuwa ameshachoma nyumba zote sita, na vyombo vimetupwa njiani. Trekta ilikuwa inakuja kwenye majivu ya moto. Aliyeiendesha alikuwa Wekoye. Alipita palipokuwa na mlango wao, macho mbele, wala hakugeuka Nakhungu alipomwita.

Jepkoech, mama mmoja wa ng'ambo ya mto, aliwapa pa kulala. Jioni Wekoye naye akaja, akala akiwa amewapa mgongo.

Ijumaa akaja mkaguzi wa serikali kuhesabu ekari za kulipwa, pamoja na karani wake Jotham, mtu wa Malakisi. Mwenye shamba aliwatembeza akicheka. Mkaguzi alimwona Nanyama kando ya matuta, akasema jambo.

"Anauliza, mama, hapa palikuwa na nini kabla ya kulimwa?" Jotham alitafsiri.

"Palikuwa na kwangu. Mwambie hivyo."

Jotham alimtupia mwenye shamba jicho, akasema maneno mawili tu ya Kizungu. Mkaguzi aliitikia kwa kichwa na kuanza kuandika.

Nanyama hakujua Kizungu, lakini alijua jibu lake halikuwa la kuitikiwa hivyo. Aliingia kwenye udongo, akafukua kwa mikono, akatoa figa lenye masizi. Akaliweka miguuni pa mkaguzi. Akarudi kutafuta la pili.

Injini ya trekta iliyokuwa ikilima karibu ikazimwa. Wekoye akashuka, akainama kando ya mkewe na kuling'oa la tatu.

"Ni jiko letu," akasema kwa sauti. "Nililima nyumba yangu mwenyewe."

Mkaguzi aliyatazama mafiga. Alikata mstari kwenye karatasi, akaondoka bila kuaga. Mwenye shamba hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, akadai kipande cha Wekoye, cheti chake cha kazi, na kuandika humo maneno ya kumfungia kazi kila shamba.

Walitembea mpaka Mabanga, kwa kaka yake Nanyama. Huko ndiko Jotham alikowafuata mwezi wa nne, kofia mkononi, akashindwa kukaa alipokaribishwa.

"Ekari zenu sita zilikatwa," alisema. "Mia mbili zingine zimelipwa zote."

"Na sasa?" Nanyama aliuliza.

"Bwana ameomba malipo ya ekari nyingine mwaka ujao. Vigingi vimevuka mto, mama. Viko kwa Jepkoech."