Hodi ya Kituo cha Saba

Baba alikuwa fundi wa vituo vya kupimia mitetemo. Milima yetu ya volkeno imejipanga kama meno ya taya la chini, na kando ya kila mmoja ofisi yetu imefukia chombo kinachosikia mitetemo. Tetemeko likitokea mbali, mawimbi yake hupita chini ya milima hiyo. Penye mwamba mgumu hufika mapema. Penye mwamba uliolainika kwa joto huchelewa. Kazi yangu ni kupima kuchelewa huko, kisha kuchora ramani ya kilichomo chini.

Fundi akimaliza kukagua kituo, hukanyaga ardhi mara tatu kando ya chombo, ili sisi wa ofisini tuone kwenye skrini kwamba kinasikia. Hiyo tunaiita kupiga hodi. Aliyeiona humpigia simu na kusema "karibu", basi. Hodi ya Baba niliijua: mbili nzito, ya tatu hafifu, kwa sababu ya goti lake bovu.

Tulimzika mwezi wa pili. Wiki iliyofuata, saa kumi na robo alasiri, kituo cha saba kilipiga hodi. Mbili nzito, moja hafifu. Kesho yake tena.

Sikumwambia mtu. Kila alasiri nilisogeza kiti karibu na skrini, nikasema karibu kwa midomo tu.

Aliyegundua ni fundi mpya, tunayemwita Waya.

"Dada, kituo chako hicho kuna mbuzi anajikuna."

"Mbuzi gani anayejua saa?"

"Basi huyo ni mbuzi wa serikali." Kisha akaniona uso, akakohoa, akaenda kutafuta bisibisi aliyokuwa ameishika mkononi.

Ramani ilipokamilika, niliikagua mara nne nikiomba niwe nimekosea. Chini ya kituo cha saba mawimbi yalikuwa yamechelewa kuliko kote. Doa jekundu lilikaa moja kwa moja chini ya nyumba ya Mama, hatua mia mbili kutoka kwenye chombo. Nikampigia.

"Mama, njoo ukae kwangu. Huko chini si kuzuri."

"Siwezi, mwanangu. Saa kumi nina kazi."

"Kazi gani?"

"Baba yako alisema ukiiona hodi, moyo wako unatulia. Nikasema nisikuache hivihivi. Hata goti lake naliigiza."

Nililia simu ikiwa sikioni. Nilikuwa nimempata Mama na kumpoteza Baba mara ya pili, kwa sentensi moja.

"Na hujawahi kunijibu," akasema.

"Nilikuwa najibu. Kimyakimya."

"Ndivyo ulivyo."

"Njoo unipigie hodi mlangoni, Mama. Nitajibu kwa sauti."

Akaja, na begi moja na sufuria yake kubwa, utadhani zangu zimetoboka. Nilimkaribisha kwa sauti hadi jirani akachungulia.

Siku ya tatu nilimpeleka ofisini aone mahali nilipokuwa nikimsubiri. Alikaa kando yangu, viatu amevivua, miguu ameikunja chini ya kiti. Ikafika saa kumi na robo.

Mstari wa kituo cha saba ukaruka. Mbili nzito, moja hafifu.

Nilitazama miguu ya Mama. Ilikuwa palepale. Nikafungua mdomo nimkaribishe Baba, safari hii kwa sauti.

Mama akanishika mkono. "Ngoja. Na hii mingine?"

Akanionyesha mistari ya chini yake. Kituo cha sita. Cha nane. Cha tano. Hodi ileile ilikuwa imefika kote, ikichelewa kidogo kila kituo kilipokuwa mbali zaidi. Kishindo cha mguu wa mtu hakifiki hata kituo cha jirani. Hii ilikuwa imetoka chini, kwenye doa jekundu.

"Huyo si baba yako," Mama alisema polepole. "Usimkaribishe."

Nikachukua simu kuwaambia majirani aliowaacha kule waondoke. Mkono wake ulikuwa bado umenishika, na mstari wa saba ulikuwa umeanza tena: nzito, nzito.